Tundu la Tano

Jumatatu, 3 Machi 1913

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Eliamini wa misheni. Alisema, "Efraimu, anayetaka kufundisha wengine aandike kila siku, hata mstari mmoja." Mtihani wangu ni baada ya masika. Nikishinda nitakuwa mwalimu msaidizi.

Kwa kuwa leo ni siku ya kwanza, nieleze kazi yangu. Mimi ni mlinzi wa dainamo katika shamba la Bwana Hartwig, juu ya Kijenge. Maji ya mfereji yanaingia kwenye bomba, yanashuka kwa nguvu, yanazungusha gurudumu, na gurudumu linazungusha dainamo. Basi nyumba ya Bwana inawaka taa kumi na mbili bila mafuta wala kiberiti. Jioni watu hutoka mbali wakaja kusimama nje ya ua kutazama. Taa ya kumi na tatu iko hapa kibandani kwangu, nipate kuona kipimo.

Aliyeifunga mashine ni Fundi Jamaldini wa Tanga. Kabla hajaondoka alinishika bega akanipeleka kwenye lango la maji. Lango lina chuma chenye matundu sita, na kigingi kinachozuia lisishuke. "Kiangazi, tundu la nne," alisema. "Mvua zikianza, la tatu. Na wakizima taa kule nyumbani, shusha tena, maana mzigo ukipungua gurudumu linakimbia. Mshale wa kipimo usipite mstari mwekundu. Ukipita utaona taa zinapendeza sana. Usidanganyike."

Nimeandika mengi. Macho yanawasha.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mvua bado. Mfereji umepungua na taa zimekuwa za manjano. Macho yangu yaliugua nilipokuwa mdogo huko kwetu Umeru, hayakupona vizuri. Nimesoma nusu ukurasa, machozi yakaanza kutoka.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mwalimu Eliamini amenipa orodha ya maneno ya Kijerumani mia tatu. Anasema mtihani utaanza na hayo.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeweka kigingi tundu la tano.

Mwanga umekuwa mweupe mara moja! Nimesoma kurasa mbili bila kusimama, na sasa naandika huku naona hata nyuzi za karatasi. Mshale umepita mstari mwekundu, lakini kidogo tu, kama unene wa ukucha.

Meitamei alipoleta chakula alisema Bibi, mke wa Bwana, amefurahi, anasema leo nyumba inang'aa kama za kwao Ulaya. Huyu Meitamei ni mtumishi wa nyumbani, Mwarusha, amenizidi miaka kama minane. Kazi yake ni kufagia, kuandaa meza, kupangusa taa. Mkewe Nasieku hupika loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, na kuitia kwenye kibuyu kikubwa, na tangu nilipofika hapa sijawahi kulala njaa. Yeye mwenyewe ni mjamzito, lakini akimpakulia mumewe, hupakua na cha kwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Globu moja imeungua, ya chumba cha kulia chakula. Meitamei ameibadilisha.

Jumatano, 19 Machi

Mbili leo. Maneno mia moja na arobaini nimeyaweka kichwani.

Jumapili, 23 Machi. Pasaka

Mvua imeanza jana alasiri, kubwa, ya kutoka upande wa mlima. Mfereji umejaa hadi ukingoni. Nilipaswa kushusha hadi tundu la tatu. Nilikwenda langoni nikashika kigingi. Kisha nikajiambia, wiki moja tu, nimalize maneno yangu. Nikarudi kibandani.

Wakati tunaimba asubuhi kwamba Bwana amefufuka, mimi nilikuwa nahesabu globu. Tano sasa.

Ijumaa, 28 Machi

Meitamei amekuja mchana, mikono nyuma. Bwana amemgombeza mbele ya mpishi. Bwana anadai Meitamei anapangusa taa kwa kitambaa chenye maji.

"Naipangusa kama yai," Meitamei aliniambia. "Kitambaa kikavu, na taa imezimwa. Wewe unayekaa na mashine, hebu niambie. Zinakufa kwa nini?"

Nilikuwa natia mafuta kwenye ekseli. Sikuinua uso. Nikasema, "Labda ni globu mbaya tu. Ulaya nako kuna mafundi wazembe."

Akacheka. Akasema, "Basi afadhali." Akaenda zake amefurahi, kwa kuwa mtu aliyesoma amemwambia si kosa lake.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Globu moja.

Jumanne, 1 Aprili

Nimejitahidi kutenda haki. Jioni nilirudisha kigingi tundu la tatu kama Fundi alivyosema. Mshale ukatulia chini ya mstari. Haikupita nusu saa, Bwana Hartwig akaja mwenyewe na koti la mvua, matope hadi magotini.

"Taa zina nini? Bibi anasema ni kama kibatari cha Mhindi!"

"Bwana, maji..." nilianza.

"Maji yamejaa mpaka barabarani! Nataka mwanga kama wa jana. Unaelewa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: Bwana, mwanga wa jana ndio unaoua globu. Maneno hayo ni machache kuliko haya ninayoandika. Lakini angeuliza, ni nani aliyeupandisha? Na tangu lini? Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Nikapandisha tundu la tano. Akatazama kipimo, ambacho hajui kukisoma, akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani.

Nimesoma kurasa tatu. Nimelikasirikia kila neno nililolisoma.

Jumamosi, 5 Aprili

Sanduku jipya la globu limefika. Limetoka Tanga kwa treni hadi Moshi, na Moshi hadi hapa kwa gari la ng'ombe. Waendeshaji wanasema walikwama siku mbili kwenye matope ya Mto Usa. Globu ishirini na nne, kila moja imeviringishwa kwa majani makavu kama yai la bata. Meitamei alizipokea kwa mikono miwili.

Jumanne, 8 Aprili

Mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Moja. Nyingine moja wakati naandika haya. Nimeona dirisha la kona likimweka ghafla, jeupe kabisa, kisha giza.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua haikukatika tangu Jumamosi. Bwana amemwita mnyapara wake, Sumari, na kumwambia amchunguze Meitamei. Sumari alikuja kuniuliza kama nimewahi kumwona akibeba kitu. Nikasema sijawahi. Hiyo ni kweli, lakini niliisema kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikika, na Sumari akaondoka akiwa na shaka zaidi kuliko alivyokuja.

Ijumaa, 18 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Asubuhi globu tatu zilikuwa zimekufa. Bwana alimwita Meitamei barazani. Sisi wote, wavunaji, wachunga ng'ombe, wapishi, tulikusanywa uani kwenye manyunyu. Bwana alisema, "Globu hazifi haraka hivi. Huyu anachukua nzima, anaweka zilizoungua mahali pake. Nzima anaziuza."

Meitamei alisema, "Bwana, nimuuzie nani? Arusha yote hii ni wewe tu mwenye mashine. Atakayenunua ataiwashia wapi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichommaliza Meitamei. Bwana aliwaka uso, akamtuma Sumari kupekua nyumba yake.

Sumari alirudi na globu moja. Ilikuwa imeungua, kioo kimekuwa cheusi ndani kama chungu. Nasieku aliiokota kwenye shimo la taka kwa sababu ni nzuri, akaining'iniza kwa uzi juu ya mahali atakapolala mtoto. Alikuja nyuma ya Sumari, mkono mmoja tumboni, akisema kwa Kimaa na kwa Kiswahili kwamba ni yeye, ni yeye aliyeiokota, ni takataka. Hakuna aliyemsikiliza.

Walimlaza Meitamei juu ya pipa. Viboko ishirini na tano. Sumari alihesabu. Mimi nilikuwa safu ya pili. Mbele yangu alikuwapo mtu mrefu, na ninakiri hapa kwamba nilisogea ili mgongo wake unizibe. Sikuona. Nilisikia. Hadi cha kumi hakutoa sauti. Baadaye alikuwa anasema neno moja tu, "Papa," yaani baba yake, ambaye amekwisha kufa.

Nilijiambia, cha kumi na tano nitasema. Kikapita. Cha ishirini. Kikapita. Kisha Sumari akanyamaza na mvua ikasikika tena.

Bwana akasema waondoke leo leo. Mahindi yao yamefika kiunoni, maharage yana maua. Vyote vimebaki. Nasieku alifunga vyungu, ngozi na jembe kwenye mzigo mmoja akaubeba kichwani, kwa kuwa mgongo wa mumewe haukuweza kubeba kitu.

Walipita kibandani kwangu kuniaga. Kuniaga! Meitamei alitoa kipande chake cha kazi, ile karatasi ya kuhesabia siku, kutoka kwenye kitambaa. Bwana alikuwa ameandika juu yake kwa wino, herufi kubwa.

"Umesoma wewe," alisema. "Hapa ameandika nini?"

Neno lile limo kwenye orodha yangu. Ni la mia na sita. Mwizi.

Nilimtazama usoni. Alikuwa amejaribu kusimama wima, jasho na mvua vinamtiririka pamoja. Nikasema, "Ameandika siku ulizofanya kazi."

"Basi hata yeye ana haki kidogo," akasema. "Nikifika shamba jingine nitawaonyesha." Akakikunja taratibu, akakirudisha kwenye kitambaa. Nasieku akaniambia, "Kibuyu nimekuachia. Usile mahindi mabichi." Wakashuka njia ya kwenda mjini. Wanakwenda Olmotonyi kwa baba yake Nasieku.

Nimeweka kigingi tundu la tatu. Mwanga ni hafifu, sioni vizuri ninachoandika. Na iwe hivyo.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Sikwenda kanisani, nikasema naumwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki nzima hakuna globu iliyoungua. Hata moja.

Bwana alikuja na mgeni, Mjerumani mwenzake, kumwonyesha mashine. Alisema kwa Kijerumani, na sasa nasikia Kijerumani cha kutosha: "Tangu mwizi aondoke, taa hazifi tena. Unaona?" Mgeni akasema anaona.

Mkono wangu ulikuwa juu ya lango. Nilifanya jambo jema na jambo hilo limekuwa shahidi wa uongo dhidi ya Meitamei. Nikipandisha kigingi, ninaharibu. Nikikishusha, ninathibitisha kwamba yeye ni mwizi. Sumari naye, ambaye alikuwa na shaka, leo amekiri mbele ya watu kwamba Bwana hakukosea.

Alhamisi, 1 Mei

Maneno mia tatu nimemaliza. Siwezi kusema nimefurahi.

Jumatano, 7 Mei

Nilitumwa dukani mjini kununua mafuta ya mashine. Karibu na boma, kando ya maduka ya Wahindi, nilimwona Meitamei amesimama chini ya paa akingojea mvua ipungue. Nilitaka kupinda njia. Ameniona kwanza.

"Efraimu! Supai!"

"Ipa," nikajibu. Nikasimama.

Amekonda. Aliniambia Nasieku amejifungua mtoto wa kike, njiani, usiku ule ule wa kuondoka, katika zizi la mbuzi la watu wasiowajua kabla ya kufika Olmotonyi. Mtoto ni mzima. Nasieku alikaa na homa siku tisa, sasa anaamka.

"Na kazi?" nikauliza, kwa kuwa lazima mtu aulize kitu.

"Hilo ndilo linalonishangaza. Nimekwenda mashamba sita. Wote wanatafuta watu. Msimamizi ananitazama, anapenda, ananipeleka kwa mzungu. Natoa kipande changu, mzungu anasoma, ananifukuza. Wa tatu alinitolea mbwa." Akafikiri kidogo. "Nadhani ni mikono. Ninapotoa kipande wanaona mikono michafu, nao wanataka mtu wa nyumbani. Siku hizi nanawa kwanza mtoni ndipo niende."

Alinionyesha mikono yake. Ilikuwa safi kabisa, kucha zimesuguliwa kwa mchanga.

Nikamwambia nimechelewa. Nilitembea kuelekea Kijenge nimebeba debe la mafuta, nikapita njia panda yangu, nikaendelea hadi daraja la mbele bila kujua.

Ijumaa, 9 Mei

Siwezi kula. Kibuyu cha Nasieku kipo mlangoni. Nimekigeuza mdomo uelekee ukutani.

Jumapili, 11 Mei. Pentekoste

Mwalimu Eliamini amehubiri. Baadaye akaniuliza kama naandika kila siku. Nikasema ndiyo. Akaomba kuona daftari ili asahihishe makosa. Nikasema nimelisahau nyumbani. Lilikuwa ndani ya shati.

Jumanne, 20 Mei

Fundi Jamaldini amefika kutoka Tanga kukagua mashine. Mvua inapungua, alasiri jua lilitoka kidogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hali ya mashine?"

"Nzuri."

Hakutazama dainamo. Alikwenda moja kwa moja langoni. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye chuma, tundu moja baada ya jingine. La kwanza, kutu. La pili, kutu. La tatu limeanza kusafika. La tano linang'aa kama pete.

Kisha akaenda shimo la taka. Akarudi na globu tatu zilizoungua, akaziweka juu ya jiwe mbele yangu. Akainua moja kuelekea jua.

"Unaona weusi huu? Ni uzi wa ndani, umevukizwa na moto ukagandia kwenye kioo. Globu ina siku zake. Ukiilazimisha ing'ae kupita kiasi, itang'aa, lakini unakula siku zake. Hii haikupanguswa vibaya, wala haikutikiswa. Hii imekimbizwa." Akaishusha. "Nani alikuwa anaweka tundu la tano?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia macho, mtihani, maneno mia tatu. Nikiyasema mchana, mbele ya mtu, yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Na huyo niliyeambiwa njiani, aliyechapwa kwa wizi wa globu?"

Nikamwambia na hilo. Nikamwambia na la kipande. Alizipanga upya zile globu juu ya jiwe. Nilingoja anitukane, kwa kweli nilitamani anitukane.

"Jioni Bwana ataniuliza mashine ikoje," alisema mwishowe. "Nitamwambia mashine ni nzima. Nimeitwa kutazama chuma, sikuitwa kutazama watu. Hilo jingine lina mwenyewe."

"Fundi, ukisema wewe atakusikia. Mimi hatanisikia."

"Ndiyo sababu unataka niseme mimi," akajibu. Akanawa mikono, akaenda kuswali.

Ijumaa, 23 Mei

Nimesema.

Nilimngoja Bwana barazani baada ya chakula cha mchana. Nilisimama pale pale lilipokuwa pipa. Nikamweleza lango, matundu, mshale, nani alipandisha na lini. Nikasema Meitamei hakuchukua kitu. Nikamwomba aandike kipande kingine.

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa alikuwa mweupe, kisha mwekundu. Alinipiga kofi, la pili nikaanguka kwenye ngazi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikaa kitini, akasema polepole kama mtu aliyechoka:

"Nilimchapa mbele ya watu mia. Unataka niwaambie nini watu mia?"

"Kweli, Bwana."

"Toka. Usionekane shambani hapa jua likizama. Na ukisema maneno haya kwa mtu, nitasema mliiba pamoja."

Kwa hiyo anajua sasa. Na kipande hakuandika. Nilidhani kweli ikisemwa, kitu kitafunguka chenyewe. Hakikufunguka.

Jumapili, 25 Mei

Niko kwa dada yangu Ndeshi, Umeru. Nilimpelekea Mwalimu Eliamini daftari lenyewe. Alilisoma lote mbele yangu, akilowesha kidole kila ukurasa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake na hakuitumia.

"Mtihani hautakuwa wako mwaka huu," alisema. "Sijui kuhusu mwaka ujao." Kisha akaniuliza, "Meitamei mwenyewe anajua?"

Nikasema bado.

"Umemwambia Mzungu. Umeniambia mimi. Fundi anajua. Hata daftari linajua. Huyo mwenye mgongo ndiye wa mwisho?"

Jumanne, 3 Juni

Nimetoka Olmotonyi. Naandika nikiwa nimekaa kando ya njia.

Walinipokea vizuri, hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mzee Lerionka, baba yake Nasieku, aliitikia shikamoo yangu akanipa kigoda. Nasieku alinipa maziwa, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijafungua mdomo. Mtoto anaitwa Nanyori. Nikamwomba Nasieku amchukue kwanza.

"Nipe kipande chako," nilimwambia Meitamei. Akakitoa. Nikaweka kidole juu ya neno lile. "Hapa hapajaandikwa siku za kazi. Hapa pameandikwa mwizi. Nilijua siku ile."

Alitazama kidole changu, si mimi.

Nikasema na mengine yote. Sikusema habari ya macho yangu. Mzee Lerionka alikuwa anatafsiriwa na Nasieku, na sehemu fulani Nasieku akaacha kutafsiri.

Meitamei alikuwa anakunja kipande, anakikunjua. "Mashamba sita," alisema. "Nilikitoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilikuwa nawapa wakisome."

Nasieku ndiye aliyesimama. "Nilikupakulia," aliniambia. "Nilikuwa na mimba, mgongo unaniuma, nikakupakulia." Hakupiga kelele. Akaingia ndani na mtoto, na hakutoka tena.

Nilisema nitalipa chochote ambacho wazee watasema, nitalima shamba lao, nitafanya lolote. Mzee Lerionka akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Mbuzi haifuti neno."

Meitamei akaniuliza, "Mashamba sita yalisoma hiki. Unaweza kusema Kijerumani?"

"Ndiyo."

"Ulijifunza kwa taa zile?"

"Ndiyo."

"Basi tutakwenda yote sita. Utasimama mbele ya mzungu na mbele ya watu wake wa kazi. Utasema kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili. Mimi nitasimama kando yako nikusikie."

"Bwana Hartwig alisema nikisema..."

"Nimesikia alivyosema," akajibu. "Mimi nimekwisha chapwa. Sasa zamu yako kuogopa."

Jumamosi, 7 Juni

Shamba la kwanza. Mzungu hayupo. Tulingoja kutwa nzima. Aliporudi nilisema. Aliniuliza nimekunywa nini. Watu wake walicheka, lakini mzee mmoja wa kupalilia hakucheka, akamtazama Meitamei na kumpa mkono.

Jumatatu, 9 Juni

La pili na la tatu. La pili walisikiliza. Katika la tatu kuna wale mbwa. Mmoja amenirarua mguu juu ya kifundo. Nilisema Kijerumani nikiwa nimepanda juu ya ukuta wa mawe, na Kiswahili nikiwa hapo hapo. Meitamei hakupanda ukuta. Alisimama chini, na mbwa hawakumgusa.

Tulipokuwa tunaondoka alirarua kipande cha shuka yake akanirushia nifunge jeraha. Alikirusha, hakunipa.

Jumatano, 11 Juni

Shamba la nne ni la Mgiriki, huko magharibi, si mbali na Olmotonyi. Mvua zimekwisha, mlima umeonekana wote leo, hadi kileleni. Mgiriki hajui Kijerumani kingi, kwa hiyo nilisema Kiswahili mara mbili. Nilikwisha sema mara nyingi kiasi kwamba nilidhani maneno yatakuwa mepesi. Hayajawa mepesi. Nilipofika pale pa "nilijua, nikanyamaza," sauti ilikatika kama siku ya kwanza, na watu wake arobaini walikuwa wakisubiri niendelee. Nikaendelea.

Mgiriki alimtazama Meitamei, akachukua kipande, akakisoma, akakichana vipande viwili. "Njoo Jumatatu," alisema. "Kuna kazi ya nyumbani."

Nilidhani yamekwisha.

Meitamei aliinama akaokota vipande vyote viwili, akavipangusa vumbi. "Ahsante, Bwana," akasema. "Jumatatu sitaweza. Kuna mashamba mawili hayajasikia. Nikimaliza hayo nitakuja."

Tukatoka. Alitembea mbele, mimi nyuma nikichechemea, na hakupunguza mwendo. Tulipofika njia panda, ambapo yeye anapanda Olmotonyi na mimi narudi upande wa mjini, nilisema, "Meitamei, ndugu yangu..."

Akageuka.

"Usiniite hivyo bado," alisema. "Sijakusamehe. Labda sitakusamehe." Akautazama mguu wangu uliofungwa, akatazama jua lilipofika. "Hilo la tano liko mbali. Kesho uje mapema."